Kombe la Hedstrom la Msemaji Bora

Jumapili, 8 Oktoba
Maombi ya chuo ya binti yangu Maren yanafungwa tarehe mosi Novemba. Miaka minne ya midahalo, na fomu inampa herufi mia na hamsini tu kuieleza. Hata nafasi tupu inahesabiwa! Nikamsaidia: "Hajawahi kushindwa na mpinzani aliyekosa kufika." Kweli tupu. Timu tatu ziliugua homa. Maren akasema, "Baba, ukiigusa tena fomu yangu nahamia kwa bibi."

Jirani yetu Brent Dalgaard kaniambia, bila kuulizwa, kwamba makombe ya mwanawe Tobin yameifukuza friza gerejini. Nikacheka kwa meno tu.

Jumanne, 10 Oktoba
Wazo! Fomu haiguswi. Lakini nani kanikataza kutengeneza cha kuandikwa ndani yake? Nimenunua kombe. Futi tatu, juu tai wa dhahabu. Nimelipa jina la ukoo wetu, Hedstrom, na kulitoa kwa mashindano ya midahalo ya Jumamosi shuleni kwetu. Kocha Pruitt kauliza vigezo. Nikasema: ufasaha, adabu, urefu, kutumia mkono wa kushoto. Kavifuta viwili vya mwisho. Atapewa mwenye alama nyingi za usemaji.

Mke wangu Corinne kasema mtego humnasa mtegaji. Hana imani, maskini.

Jumamosi, 14 Oktoba
Kila shule hutoa wazazi wa kuamua. Nikajitolea. Mzazi haruhusiwi kuamua watoto wa shule yake, nikapewa wageni, chumba 114. Jamani, maneno mia tatu kwa dakika! Wanavuta pumzi kama samaki nchi kavu. Kila hoja iliishia vita vya nyuklia, hata ile ya mahindi. Sikuelewa kitu. Wote nikawapa ishirini na tano kati ya thelathini, wasimpite Maren.

Nikasahau kwamba Tobin naye ni wa shule yetu.

Tobin wa kwanza. Maren wa pili, kwa nusu alama! Nikamkabidhi kombe kwa mikono yangu, Brent akipiga picha. Tobin kanishukuru sana. Eti litakaa juu kabisa kwenye fomu yake.

Garini, kwenye taa nyekundu, Maren alinigeukia. Akauliza ni nani aliyemliza msichana wa chumba 114 kwa kumpa ishirini na tano, alama ya aliyevurunda kabisa. Nikasema huenda mwamuzi mkali. Akasema, "Karatasi za alama zina sahihi, Baba."

Jumatano, 1 Novemba
Maren katuma fomu. Siku kumi na nane ananisalimu kama mpangaji. Corinne kanisomea alichoandika: "Midahalo, miaka minne. Nimeshinda 19, nimeshindwa 31. Sikukosa Jumamosi hata moja. Nafundisha wanagenzi kushindwa bila kulia."

Nikahesabu. Kaacha nafasi ishirini na tano bure! Tai angetosha!

Ijumaa, 15 Desemba
Kakubaliwa! Afisa wa chuo kaongeza kwa kalamu kwamba hajapata kuona mwombaji anayetaja vichapo vyake. Maren kanikumbatia. Kasema ameshanisamehe, ila nimeahidi: hila basi. Nililia kidogo, sioni haya.

Jioni Brent kaja, kapoa kama uji wa jana. Tobin kaambiwa asubiri. Chuo hakijapata kulisikia kombe lake la kwanza kwenye orodha, kinataka uthibitisho. Eti nimsaidie, baba kwa baba.

Ahadi ilimhusu Maren. Tobin ni mtoto wa watu, anaumia. Nimeshafika ukurasa wa pili wa barua ya uthibitisho: "Kombe la Hedstrom, lililoanzishwa na babu yangu mwaka 1911..."