Vita vya Osée na Matope ya Nizi

Sogeeni, enyi watu wa Bunia, ninyi mnaofuta viatu mlangoni na ninyi msiofuta. Kalisheni watoto, zimeni redio, kwa maana leo yanasimuliwa mapigano makubwa yaliyopiganwa kando ya barabara iendayo Nizi, na shujaa aliyeyashinda bila kupandisha sauti. Ee mvua ya Ituri, mama wa matope, tuvumilie tumalize.

Jina lake Osée, mwana wa Micheline, Osée Mshika-Spana, aliyejifunza mashine kwa kuzifungua na kuzifunga tena mpaka skrubu zisimbakie mkononi. Yeye ndiye aliyekabidhiwa Tao, lango la chuma lililosafiri kutoka Kampala, lenye midomo ishirini ya maji na brosi kubwa zinazozunguka zenyewe. Gari huingia chafu, hutoka safi, mtu asiguse hata ndoo. Ndivyo ilivyoahidiwa. Lakini matope ya Nizi, jeshi jekundu lisilo na jemadari wala huruma, yalishikamana na magari kama tofali. Tao likamimina matangi matatu mazima juu ya jeep moja, nusu saa, na jeep ikatoka ingali na soksi nyekundu.

Kule mtoni Kambale wa Brosi Mbili, bingwa wa kuosha kwa mkono, akawatangazia madereva kwamba mashine ya Osée inabariki magari, haiyaoshi. Neno hilo likamfikia Mama Dorothée, mwenye Tao na mwenye tangi.

“Osée mwanangu,” akasema, “hii mashini inakunywa maji kama ngombe, na haiko inasafisha. Siku ya posho, hii Jumamosi, ioshe gari moja na tangi moja. Ikishindwa, batu ya Butembo banaotaka kuinunua batakuja kuibeba, na weye utarudia kubeba bidoni ya maji.”

Mwingine angeilaumu pampu. Osée hakumhukumu mtu wala pampu. Alichukua daftari na saa ya simu, akakaa siku tatu akiandika, ndipo akaona jambo ambalo sote tulikuwa tukilitazama bila kuliona. Gari hufika na matope mabichi. Dereva hushuka, husalimia. Na nani kwetu husalimia mbio mbio? Lazima aulizwe mke, watoto, wazee, shamba la kule Marabo na hali ya barabara. Na heshima hiyo ikitimizwa, jua huyaoka matope yakawa saruji.

Kuzifupisha salamu lingekuwa tusi. Basi Osée akaing'oa midomo minne ya Tao, akaifunga kwenye lango la uani, juu ya miti miwili, ili gari liloweshwe taratibu wakati mwenyewe anasalimiwa. Dakika sita, lilisema daftari. Zikipungua, kazi bure.

Jumamosi ikafika, na jeep ya Fabrice kutoka Nizi, nyekundu hadi kwenye vioo, ambayo ilipaswa kumpeleka dada yake Lydie kwenye arusi yake. Mama Dorothée alikuwa ameketi na kitambaa cheupe mkononi. Kambale naye alikuja, kuzika.

Fabrice akaruka chini, akasema jambo, akasema habari, akasema yuko mbio, iingizwe. Hata dakika moja haikutimia. Kambale akajikohoza.

Hapo Osée, ambaye mkewe humdai maneno kama mwingine anavyodai chumvi, akaushika mkono wa Fabrice kwa mikono yake yote miwili.

“Fabrice, mukubwa wa barabara, nitakupokea namna gani bila kukuuliza mama? Iko muzima? Na baba? Na magoti yake? Na bale bakwe banaomuchukua Lydie, banakuja na moyo muzuri?”

Wazima, akajibu Fabrice, wote wazima, macho yake kwenye saa. Osée akauliza kwaya, akauliza mihogo, akauliza paa la jirani. Dakika ya tatu ndugu wote wakawa wamekwisha, na moyo wa shujaa ukapiga kama pampu iliyokosa maji. Akarusha mkuki wake wa mwisho.

“Na mbuzi ya mahari?”

Fabrice akauachia mlango wa jeep.

“Osée ndugu yangu,” akasema, “ile mbuzi usinikumbushe.”

Akatanua miguu, akasimulia: jinsi mbuzi alivyoletwa akiwa na pembe moja, jinsi baba mdogo Gaspard alivyokataa kumpokea, jinsi mbuzi alivyomjibu kwa kula kofia yake mbele ya wakwe. Na nyuma ya mgongo wa msimulizi, chini ya mvua ile ndogo ya langoni, mabonge mekundu yakaanza kuanguka, pu, pu, moja moja, kama askari wanaotupa silaha.

Dakika ya saba jeep ikaingia Taoni. Dakika nane baadaye ikatoka, na tangi moja halikuisha. Mama Dorothée akainama, akapitisha kitambaa juu ya gurudumu, pale ambapo hata brosi ya Kambale haifiki, akakiinua juani. Kilikuwa cheupe, ila doa dogo la mafuta, na mafuta hayakuwamo katika masharti.

“Mashini inabaki,” akasema. “Na weye unabaki.”

Kambale akasogea, akauliza, kwa sauti ya chini, kama midomo ile inaweza kufungwa hata mtoni.

Basi andikeni, enyi wenye kalamu, na wajukuu wasome: siku hiyo, mbele ya mashahidi, jeshi jekundu la Nizi lilivunjika Bunia, na Lydie akaenda kuolewa katika gari linalong'aa, akiwa amechelewa robo saa tu, ajabu ambayo Ituri haijawahi kuiona tangu arusi zianze.