Sweta Juu ya Mashine Mpya

Jumatatu, 3 Juni

Seva mpya, kompyuta kuu ya maktaba, imefika. Wabebaji wawili wameipandisha ngazi, mmoja akihema kana kwamba kabeba kabati lenye mtu ndani. Nimewafungulia mimi. Funguo zote za maktaba hii ninazo mimi, ndiyo maana wananiita Mzee Funguo.

Fundi wetu, ambaye wote tunamwita Kasi kwa vile anavyopanda ngazi mbili mbili, akaisimamisha kando ya ile ya zamani. Mkutubi mkuu akatangaza kwamba Ijumaa zitashindanishwa. Itakayoshindwa inaondoka.

Seva ya zamani aliifunga marehemu mke wangu, alipokuwa fundi hapa. Ndani yake aliacha kitu ambacho sidhani kuna mwingine anayekijua. Kila siku, saa kumi na dakika tatu jioni, skrini ya mezani kwangu inaandika: Dirisha. Mwavuli. Twende. Mwaka mmoja na miezi miwili tangu aondoke, na bado inaandika. Yeye alipanga iandike saa kumi kamili, ila saa ya mashine ile inachelewa dakika tatu, naye alikataa kuirekebisha. Alisema dakika tatu zinamtosha kupaka mafuta midomo.

Mashine ikiondoka, maneno yanaondoka. Nimwambie mkutubi mkuu? Aibu! Mzee mzima kulilia skrini. La. Ya zamani itashinda.

Afadhali shindano ni Ijumaa, si leo. Nimekunywa chai kwa raha.

Jumanne, 4 Juni

Nimeazima kijitabu cha kompyuta kutoka rafu zetu wenyewe. Nimejiandikia kadi, nikajigongea muhuri.

Kumbe kinachofanya kazi humo ndani ni prosesa. Na prosesa ina viini, kila kiini kinashika kazi yake. Nimetafuta karatasi za mashine zote mbili. Ya zamani: viini vinane, kasi gigahezi tatu nukta sita. Mpya: viini thelathini na viwili, gigahezi mbili nukta nne. Nimesoma mara mbili kwa miwani na mara moja bila miwani. Ya zamani ndiyo yenye mbio!

Nikaziandika namba hizo kwa chaki nyekundu kwenye ubao wa matangazo. Kasi akasoma, akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza, wapagazi wanane wanaokimbia na wapagazi thelathini na wawili wanaotembea, ni wepi watamaliza kuhamisha maktaba? Tena hawa wapya kila mmoja anabeba mzigo mara mbili. Nikamuuliza, na kama kinachohamishwa ni kitabu kimoja tu? Akaacha kucheka. Akakiri kwamba hapo tunaweza kubishana. Halafu akanikumbusha kwamba asubuhi wasomaji wanaingia mia mbili, si mmoja.

Nimefuta ubao. Bora hakuuliza kwa nini naitetea.

Jumatano, 5 Juni

Ukurasa wa arobaini! Prosesa ikipata joto sana, inapunguza mwendo yenyewe isije ikaungua.

Nimekuja na sweta langu la kahawia, lile alilonifumia marehemu, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Nimelitandaza mbele ya seva mpya, juu ya matundu ya hewa. Nikaketi kusubiri ipate joto. Kidogo tu. Mimi si mtu mbaya.

Dakika sita. Feni zikaanza kuunguruma. Ghafla Kasi huyo mlangoni, simu mkononi. Mashine imemtumia ujumbe kwamba inaona joto. Mashine inachongea watu! Ile ya zamani haikuwahi kumsema mtu miaka yote hii.

Nikamwambia niliiona inatetemeka, nikadhani ni baridi. Kasi akanitazama. Akalichukua sweta, akalikunja vizuri, mikono ndani, akanirudishia. Nilimsubiri aende kwa mkutubi mkuu. Hakwenda. Nimerudi nyumbani nimelivaa, mwepesi kama manyoya.

Alhamisi, 6 Juni

Shemeji kanipigia simu, mdogo wake marehemu. Akaniuliza mbona leo sauti yangu ina uhai. Nikamwambia nina mpango. Halafu akasema, "Shemeji, dada aliniachia wasia. Ukisema una mpango, nifiche ngazi." Ile ya kuanguka paani ilikuwa miaka kumi iliyopita na mguu ulipona vizuri. Watu hawasahau.

Mpango wenyewe hauna ngazi. Ni kebo. Mkutubi mkuu atashindanisha mashine akiwa mezani kwake ghorofa ya juu. Yeye hazioni, anaona majina tu, na jina linafuata kebo. Kebo ya bluu ni ya zamani, ya njano ni mpya. Kasi alipokwenda kula, nikachomoa, nikachomeka. Bluu kwa mpya, njano kwa ya zamani. Kazi imefanyika.

Mchana wote nimekuwa mtu mwema ajabu. Nimewasalimia wasomaji wote mmoja mmoja.

Ijumaa, 7 Juni

Kazi ilikuwa kupanga upya orodha nzima ya vitabu. Mashine "mpya": sekunde hamsini na mbili. Mashine "ya zamani": sekunde kumi na moja.

Kasi akakuna kichwa. Akapima tena. Vilevile. Mimi nikatazama dari kwa unyenyekevu.

Mkutubi mkuu akafurahi kuliko nilivyotaka. Akasema mashine ya ajabu namna hiyo inapotea bure kwetu. Iende maktaba kuu, kwenye vitabu vingi. Gari litaifuata Jumatatu.

Nimeshinda. Nimekwisha!

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Nikasema yote. Kebo, sweta, dirisha, mwavuli, twende. Mkutubi mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nilikuwa tayari kutoa funguo.

Kasi ndiye aliyesema. "Mzee wangu, kazi zote nilizinakili kwenye mashine mpya tangu Jumatatu, zinasubiri tu ya zamani izimwe. Hiyo yako ilikuwa ya kwanza kwenye orodha."

Akaniambia marehemu aliiwekea mstari wa maelezo kwa fundi yeyote atakayemfuata. Akanifungulia nikausoma mwenyewe: Isifutwe. Mwenyewe husahau mwavuli.

Nikaketi kwenye kiti cha mkutubi mkuu. Hakunifukuza. Alisema kwa upole kwamba ningeuliza tu. Nikamjibu kwamba kuuliza ndio mpango uliokuwa unafuata.

Nimepumua leo kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Mwavuli nimeusahau.

Jumatatu, 10 Juni

Mashine ya zamani imekwenda chuo cha ufundi, wanafunzi wakajifunzie. Nimeipangusa vumbi mpaka pembeni. Nimemwomba dereva apunguze mwendo kwenye matuta.

Jioni nilikuwa nasuuza kikombe. Niliporudi, maneno yapo kwenye skrini yananisubiri. Yote matatu. Moyo ukatulia. Nikafunga dirisha. Nikachukua mwavuli. Nikatazama saa ya ukutani.

Saa kumi na dakika moja!

Mashine mpya haichelewi. Imeandika saa kumi kamili, nami nimebaki na mwavuli mkononi na dakika mbili nisizojua pa kuzipeleka, na hakuna anayepaka mafuta midomo.

Nikamuuliza Kasi, kwa mbali, kama seva inaweza kuchelewa kidogo. Akasema hii inasahihisha saa yake yenyewe, haitachelewa kamwe. Akaniuliza kama kuna ninachotaka akipange upya, ni kazi ya kubonyeza mara mbili. Aibu! Mzee mzima kuomba dakika tatu. Nikasema hakuna.

Eti kamwe. Fundi mzima, hajafika ukurasa wa arobaini. Kesho nakuja na sweta.