Kumbukumbu za Upepo

Jumatatu, 3 Machi
Shajara, uniwie radhi. Nimekutupa tangu mvua zilizopita. Sikuwa na la kuandika, sasa ninalo. Mkuu wa chumba cha kompyuta hapa ofisi ya hali ya hewa amestaafu. Kiti ki wazi. Tunaokitaka ni wawili: mimi, mkongwe wa chumba, na shemeji yangu, kitinda mimba kwao mke wangu, ambaye kazi hii nilimwombea mimi mwenyewe. Shukrani ya punda.

Kompyuta zetu ni nyingi lakini hufanya kazi kama moja. Kila programu, ya mvua, ya joto, ya upepo, huandika kumbukumbu za kinachotokea. Tangu zamani tumeziagiza ziandike makosa tu. Programu ya upepo ni ya shemeji. Kila asubuhi husimama kidogo, kisha huendelea, wala haisemi kwa nini. Nitaiagiza iandike kila kitu. Mkurugenzi asome madhambi ya shemeji kwa macho yake.

Jumanne, 4 Machi
Nimechemsha maji ya chai kwenye tundu la umeme la kona, kama kawaida, kisha nikafungua faili la mipangilio. Shemeji akachungulia, akauliza ninafanya nini. Nikamjibu ninafagia. Akaniasa kwamba faili hilo ni la kompyuta zote, nisiliendee kwa pupa. Nikamwambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hakuona linahusu nini. Hata mimi sikuona, lakini alirudi mezani kwake.

Agizo la kuandika kila kitu nimeliweka mstari wa kwanza, juu kabisa. Neno la mtu mzima haliwekwi pembeni.

Jumatano, 5 Machi
Diski zimejaa. Zote. Kumbe agizo la mstari wa kwanza hutiiwa na kila programu katika kila kompyuta. Programu ya mvua imejaza kurasa kwa kurasa ikieleza kwamba haina la kueleza. Utabiri haukutoka. Mkurugenzi, asiyebeba mwavuli ila utabiri umwambie, ametoka bila mwavuli, akanyeshewa, akaingia ofisini viatu mkononi.

Akauliza ni nani aliyefanya hivi. Nikashauri ufanyike uchunguzi wa kina. Shemeji akaeleza kosa lilivyotokea. Jina la mkosaji hakulitaja. Heshima ya namna hii inaudhi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefuta kumbukumbu zote, nikaagiza zisiandikwe tena. Diski nyeupe pe. Nyayo zangu hazipo.

Mara programu ya upepo ikasimama. Mkurugenzi akataka kujua chanzo. Nikamnyooshea shemeji kidole. Akataka ushahidi. Nikafungua kumbukumbu: hakuna hata herufi. Akanitazama, akaondoka.

Ndipo shemeji alipovuta kiti mezani kwangu.

"Shemeji, kumbukumbu zile nilizisoma jana, kabla hujazifuta. Upepo husimama saa yako ya chai. Unachomoa plagi ya kompyuta ya kona upate pa kuchomeka birika. Nyingine zote zinazohesabu upepo zinakaa zikiisubiri."

Nikamuuliza amekwisha kumwambia nani. Akasema hajamwambia mtu, isipokuwa dada yake.

Isipokuwa dada yake!

Ijumaa, 7 Machi
Nyumbani hapakaliki. Mke wangu hapazi sauti, na hilo ndilo baya. Asubuhi amesema: "Baba watoto, nenda ukamwambie mkurugenzi mwenyewe, kabla mdogo wangu hajalazimika kusema. Kiti utakikosa, uso utabaki nao."

Nikaenda. Nikaanza vizuri: chanzo cha upepo kusimama kimepatikana. Mkurugenzi akafurahi sana, hata akatuagizia chai, akauliza kimepatikanaje. Mtu akikufurahia hivyo, birika unaliingiza wapi? Nikamwambia ni matunda ya agizo langu la kuandika kila kitu. Na huo ni ukweli mtupu.

Akaweka kikombe chini.

"Kumbe ni wewe uliyejaza diski?"

Nikakiri kwa unyenyekevu kwamba wazo lilikuwa langu peke yangu, wala shemeji hakuchangia lolote. Hakunikemea. Ameandika jina langu, akalipigia mstari, akasema uamuzi ni Jumatatu.

Ukitolewa tu, nitakuandikia. Koti langu liko kwa fundi. Nimemwambia alipanue mabega, kwa kuwa mkuu hukaa kifua mbele.