Seremala Anayegonga Mlango wa Mama Yangu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa,

Natumai u mzima na kazi za ofisi hazijakulemea kiasi cha kukosa nafasi ya kunisikiliza. Mimi ni yule mwigizaji ambaye sura yake ipo kwenye bango la njia panda, juu ya duka la matairi. Mama yangu, mshona nguo, anakaa nyumba ya tatu kutoka ofisini kwako. Naandika kulalamikia genge la majirani wanaojiita Filamu Yetu, nikiomba ulipige marufuku kabla halijaua sanaa.

1. Hawana adabu ya kazi. Kwetu filamu ina mtayarishaji, ina mwongozaji, ina nyota, na nyota ana kiti chake. Kwao kamera inazungushwa kama sinia la chai: leo anaishika muuza mkaa, kesho mwalimu wa chekechea. Taa yao ni balbu iliyofungwa kwenye mpini wa ufagio. Hadithi ameiandika kinyozi, tena kwa kuwahoji wateja wakiwa na povu usoni.

2. Wanaonyesha filamu bure kwenye ukuta wa zahanati, halafu wanaisimamisha katikati. Bibi yeyote akisema, "Hapo mmedanganya, haikuwa hivyo," picha inazimwa, watu wanabishana weee, na Jumamosi inayofuata kipande hicho kinapigwa upya. Katika filamu zangu hakuna aliyewahi kusema haikuwa hivyo. Watazamaji wangu hukaa kimya mpaka mwisho, na wengine husinzia kwa heshima.

3. Hawajui kugawa nafasi. Wewe mwenyewe, Mheshimiwa, wamekufanya mwizi wa maji ya bomba. Nasikia umeicheza vizuri mno, bila mazoezi. Sisemi kitu.

4. Hili ndilo linaloniuma. Filamu yenyewe inahusu mama mshona nguo ambaye mwanawe ni mwigizaji maarufu asiyekuja kumwona. Uzushi mtupu! Mwaka huu huu nilikwenda kwa mama, na mpiga picha wangu ni shahidi, maana ndiye aliyesema tuondoke kabla chai haijachemka kwa kuwa mwanga ulikuwa unapotea. Na anayecheza mama huyo ni mama yangu mwenyewe! Nafasi ya mtoto wamempa seremala, mtu mwenye kidevu kisichofaa kusogelewa na kamera. Anagonga mlango, mama anafungua, anamwambia, "Karibu mwanangu, mbona umekonda?" Basi, imeisha. Hakuna mlipuko, hakuna helikopta. Na watu wazima wanalia!

5. Mama haridhiki na kipande hicho. Kila wakikionyesha anasimama: "Siyo hivyo. Mwanangu hagongi kwa ngumi, anagonga kwa kiganja." Seremala anarudia. Sasa jamaa amenogewa, hata siku zisizo na kamera anagonga, anakaribishwa, anakula. Juzi nilimpigia mama simu, akaniambia, "Ngoja kidogo, mwanangu yupo mlangoni," akakata. Mheshimiwa, mwanawe nilikuwa kwenye simu!

Kwa hiyo naomba kamera itaifishwe, ukuta wa zahanati upakwe rangi nyeusi, na seremala apewe onyo rasmi la kutogonga mlango wowote ambao hakuitwa kuutengeneza.

Nisalimie majirani wote, hata wale wa genge. Kinyozi mwambie hadithi yake haina kichwa wala miguu. Mama usimwambie kitu, nitamsalimia mwenyewe.

Mimi mwenye uchungu na sanaa,
Jemedari wa Skrini

Tanbihi: Jumamosi hii nina nafasi. Seremala apumzike. Nimefanya mazoezi ya kugonga kwa kiganja kwenye mlango wa chumba changu cha hoteli mpaka wakaniletea mlinzi. Mkija na kamera sawa, msipokuja nayo pia sawa. Ila mama asiambiwe. Na akifungua akasema siyo hivyo, nitarudia Jumamosi inayofuata, na nyingine, mpaka aseme ndivyo.