Jairus wa Fridley na Kitufe Nyuma ya Friza

Wekeni vikombe chini, enyi wana wa baridi mnaokunywa chai na glavu mkononi. Na anayekwenda zamu aketi kwanza, zamu haina miguu. Nimetembea nchi nyingi, nimelala kwenye stesheni zisizo na jina, lakini vita kama hivi sijapata kuviona, nami nilikuwepo, nimeshika tochi.

Palikuwa na Jairus, simba wa Fridley, mji wetu huu wa ughaibuni, mgeuza wagonjwa vitandani, mfyekaji wa theluji, mume wa Kerubo. Wawili hao walikuwa wakiuza nyumba yao yenye vyumba vya kulala juu, wapate kununua nyingine kule Oakdale yenye chumba chini. Maana Mama Keziah, mzazi wa Kerubo, magoti yalikuwa yamemgomea, na tangu atue kutoka Kisii alilala kwenye kochi la sebuleni kama abiria aliyeachwa na ndege. Ndipo akaja mkaguzi aliyetumwa na mtu aliyetaka kuinunua nyumba yao, mtu mrefu mwenye kipimio cha vitaa, akapita chumba kwa chumba kama mjumbe wa sultani, akatangaza makosa ya umeme: kisanduku cha swichi kuu hakina kifuniko, taa ya jikoni inaning'inia kwa waya wake, na soketi ya bafuni imekufa. Atarudi Ijumaa alasiri. Likisalia kosa hata moja, mnunuzi anajitoa, na Oakdale inakwenda kwa wengine.

Kifuniko na taa Jairus alivimaliza kwa bisibisi moja, akipiga mluzi. Soketi ndiyo iliyomvua kilemba. Kwanza aliidharau, akatuhutubia kwamba kwao hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweka soketi bafuni, kwamba maji na umeme havijawahi kuoana, na kwamba soketi iliyokufa bafuni ndiyo soketi njema, ipakwe plasta izikwe. Kerubo akamwambia ampigie mkaguzi simu amweleze hayo kwa Kiingereza. Basi shujaa akazima umeme, akang'oa ya zamani, akatia mpya, akawasha. Nayo ikakaa kimya kama marehemu iliyemrithi.

Ijumaa ikafika. Kerubo, aliyekuwa akipiga pasi sare zake, akasimama ghafla, akamweleza mumewe alichokumbuka. Jirani aliwahi kumwambia kwamba katika nyumba za mtaa ule umeme wa bafu hupitia gereji kwanza, kwenye soketi yenye vitufe viwili, kimoja cha kuua na kimoja cha kufufua.

"Na hiyo soketi iko wapi?" akauliza Jairus.

"Nyuma ya friza, Baba Natasha."

Ee friza. Ngome nyeupe, mzito wa wazito, tumboni mwake mbuzi mzima, mwenye wenyewe. Maana mbuzi yule alinunuliwa kwa mchango, na kila mfuko ulikuwa na jina la mwenye nyama. Na kuitoa nyama ya watu bila wenyewe kuwapo ni kuomba kesi. Jairus akampigia Munir, mtu wa Lamu, mchinjaji wa mbuzi na mwenye paja la kulia.

"Ndugu yangu," Munir akajibu, "hilo paja na wageni wa mke wangu ni ahadi. Likiyeyuka, utaenda kuwapikia wewe."

Basi ngome haikuguswa. Ilibaki njia moja: kulala kifudifudi na kujipenyeza kati ya friza na ukuta. Lakini Mama Keziah alikuwa amekuja mlangoni mwa gereji, na kwa Wakisii mkwe wa kiume hainui makalio mbele ya mama mkwe, hata nyumba iungue. Jairus akasimama kama nguzo. Saa inakwenda. Mama akatazama gereji, akamtazama binti yake, akarudi jikoni akichechemea, akaleta mwiko wa ugali, mrefu, mweusi kwa miaka, akamkabidhi Kerubo, naye Kerubo akampa mumewe. Kisha mama akageuka, akajifunika leso kichwani, uso ukutani.

Hapo simba akashuka vitani. Akaingia bega, akaingia kifua, mkuki wa mwiko mbele yake, nami namwangazia kutoka juu. Akachoma, akakosa, akalaani vumbi. Akachoma tena. Kikasikika kitu kidogo sana, *tak*, na huko juu bafuni mashine ya nywele ya Kerubo, iliyochomekwa kwa majaribio, ikanguruma.

Mara kengele ya mlango. Kerubo akamkaribisha mkaguzi, akapanda naye. Vitaa vya kipimio vikawaka jinsi vinavyotakiwa. Akashuka, akachungulia gereji, akaona miguu miwili ya mtu ikitoka nyuma ya friza. Akauliza kama yuko salama. Kutoka ndani sauti ikamjibu kwa Kiingereza cha heshima kwamba yuko salama kabisa, ila amekwama. Mkaguzi akafikiri, akasema hilo si kosa la umeme, akaaga.

Oakdale ikawa yao. Tukampigia Munir, akaja mbio na maboksi ya barafu, tukatoa mbuzi mguu kwa mguu, kila mfuko ukisomwa jina lake kwa sauti, na shujaa akingoja. Ndipo Mama Keziah, ambaye kwa adabu ya kwao hajawahi kumtania mkwe wake hata mara moja, akanena bado akiutazama ukuta:

"Kerubo, muulize mnunuzi. Huyu naye amemnunua pamoja na nyumba?"

Friza ikatikisika kwa kicheko kilichotoka nyuma yake. Na wajue wajao: hivyo ndivyo Fridley ilivyotekwa.