Dawa ya Kushika Rangi

Seifu alikuwa akila muhogo wa kuchoma pale Maili Moja, Kibaha, gari jeupe liliposimama mbele ya bustani ya miche. Akashuka mama mmoja mwenye miwani mikubwa, akaenda moja kwa moja kwenye kopo lenye mche mfupi, majani yake meusi-meusi, pilipili zake ndogo za zambarau zimesimama wima. Hakuuliza kama zinaliwa. Hakuuliza kama zinawasha. Alitoa elfu kumi na tano, akalipakia lile kopo kiti cha mbele na kulifunga mkanda.

Seifu aliuweka muhogo chini. Mtu wa kawaida angeona mama anayependa maua. Seifu aliona kiwanja.

Kiwanja chenyewe kilikuwa Kwala, kule bandari kavu ilikopandisha bei ya kila kichaka, na mwenye nacho alikuwa amempa hadi mwisho wa Julai kukamilisha malipo. Seifu alishakusanya zaidi ya nusu, kwa njia ambazo hatutazitaja, maana baadhi ya waliomchangia bado wanamtafuta.

Alimsogelea muuza miche. "Kaka, hizi rangi yake ndiyo hii siku zote?"

"Zikiiva zinageuka nyekundu. Pilipili ni pilipili."

Seifu akatabasamu. Hela ilikuwa imekaa hapo hapo.

Alinunua miche midogo kwa bei ya jumla, akachapisha mikataba, akaigonga mihuri miwili. Wa pili ulikuwa wa duka la baiskeli, lakini ulikuwa wa mviringo na ulitoa wino vizuri. Kisha akaelekea Kurui, wilaya ya Kisarawe, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akimfahamu bado.

Akina mama kumi na wawili walimsikiliza barazani kwa Bi Mwanakheri. Mche mmoja elfu kumi. Unapanda kwenye ndoo mbovu, kopo la rangi, chochote, hapo hapo nyumbani. Baada ya miezi mitatu kampuni yake inarudi kununua pilipili za kupeleka hotelini, kilo moja elfu themanini, ziwe zimeiva na ziwe za zambarau. Mkataba haukuwa na uongo hata mmoja. Kampuni ingenunua kweli, siku mche ule utakapozaa kitu cha namna hiyo.

"Hizo hoteli zinazifanyia nini?" aliuliza Bi Mwanakheri, mama wa makamo, mwenye macho ya mtu anayepima mchele wa dukani upya akifika nyumbani.

"Wageni wanapambiwa mezani, mama."

"Wanazila?"

"Wanazitazama."

"Elfu themanini, kutazama?"

Akina mama wakacheka. Seifu akacheka kuliko wote. Bi Mwanakheri akachukua miche kumi, akiwa wa mwisho kuchukua, na Seifu akaondoka akimwonea huruma kidogo. Ilikuwa huruma ya kweli. Ilidumu hadi alipopita Mzenga.

Mwezi wa sita alirudi na mzani. Kurui nzima ilikuwa nyekundu. Seifu alishika shavu kama mtu aliyefika msibani.

"Mama zangu, nani aliwaambia mpande bila dawa ya kushika rangi?"

Dawa alikuwa nayo, kwa bahati nzuri. Chupa za soda zilizojaa maji, majivu kidogo na bluu ya kufulia, elfu kumi na tano kila moja.

"Kijana," alisema Bi Mwanakheri, "kitu kikiiva hubadilika rangi. Hata embe."

"Ndiyo maana embe ni bei rahisi, mama."

Bi Mwanakheri alimtazama kwa macho yale yale ya kupima mchele. Halafu akaingia ndani, akatoka na hela, akanunua chupa mbili.

Seifu alirudi baada ya wiki mbili, amewatumia ujumbe mapema, akikusudia kuuza dozi ya pili na kuhama wilaya. Kwa Salama, mmoja wa wale kumi na wawili, na kwa wenzake, pilipili zilikuwa nyekundu kama kawaida. Alipofika kwa Bi Mwanakheri akasimama. Makopo kumi, na kila pilipili ya zambarau.

"Shikamoo, mama. Hizi... zimeiva?"

"Marahaba. Zimeiva tangu wiki iliyopita. Mbona umeduwaa? Si dawa yako?"

Hakuna kitu kinachomtisha tapeli kama bidhaa yake kufanya kazi.

"Na za wenzako?"

"Wenzangu wametia ulivyowaelekeza. Mimi nimeongeza kitu cha kwetu."

"Kitu gani?"

"Cha kwetu. Lete mzani basi."

Mzani, Seifu alieleza, ulikuwa umepata hitilafu njiani.

Siku nne hakulala vizuri. Siku ya tano akaenda Kurui bila taarifa, akaingia uani kwa Bi Mwanakheri saa mbili asubuhi, umande haujakauka. Zambarau tupu! Akakagua makopo moja moja, akainama, akapindua majani. Juu ya paa la jiko palikuwa na ungo wenye pilipili nyekundu zikianikwa.

"Na zile?"

"Za binti yangu Kudra, kaolewa Mlandizi. Kaniletea. Nikufungie kidogo?"

"Asante, mama. Sisi hatushughuliki na pilipili za kawaida."

Kichwani mwake kiwanja cha Kwala kilikuwa kimeshaota ghorofa. Pilipili zinazoiva bila kugeuka! Angeuza dawa hiyo nchi nzima, na jambo la ajabu kabisa, ingekuwa ya kweli. Akaomba auziwe siri.

"Milioni mbili na nusu," alisema Bi Mwanakheri akiendelea kufagia. "Na makopo yote uchukue, uwe na ushahidi."

"Mama, wewe! Milioni moja."

"Basi acha. Kuna bwana wa mimea Morogoro, keshokutwa anakuja kuziona."

Seifu alikwenda Kibaha, akachota milioni mbili na nusu kwenye hela ya kiwanja, akarudi siku hiyo hiyo na kirikuu, kigari cha mizigo cha kukodi. Bi Mwanakheri alikuwa amewaita akina mama wote. Seifu akamnyooshea bahasha, naye akarudisha mikono nyuma.

"Biashara ya pilipili haiendi mkono kwa mkono. Tutagombana. Weka chini."

Seifu akaweka bahasha juu ya mkeka. Bi Mwanakheri akaweka dumu la dawa na kusogea. Kila mmoja akaokota chake. Seifu alijizuia kucheka: watu wenye siri ya mamilioni, na bado wanaogopa kupokezana pilipili!

Aliyapanga makopo uani kwenye nyumba aliyopanga, akayanyunyizia dawa asubuhi na jioni. Siku ya tatu pilipili mbili zikawa na wekundu. Siku ya tano, ishirini. Siku ya saba mama mwenye nyumba alichungulia akasema, "Hongera, baba, zimeiva."

Seifu alifika Kurui siku hiyo hiyo. Bi Mwanakheri alikuwa barazani na wenzake.

"Umenidanganya! Zimegeuka!"

"Huchumi?" aliuliza Bi Mwanakheri.

"Kuchuma nini?"

"Nyekundu. Mimi nilikuwa nachuma kila siku nikimaliza swala ya alfajiri. Zinabaki changa, na ukichuma ndiyo mche unazidi kuzaa. Hicho ndicho kitu cha kwetu."

Salama alijifunika kanga usoni, mabega yakimtikisika.

"Nirudishie hela yangu!"

"Hee!" Bibi mmoja aliinua kichwa. "Umeokota mwenyewe, sote tukikuona. Cha pilipili kikishaokotwa hakirudishwi. Unataka kutuletea ugomvi kijijini?"

"Nitakwenda polisi!"

"Nenda," alisema Bi Mwanakheri. "Chukua mkataba wako na chupa yako ya bluu, uwaonyeshe. Hela yenyewe tumeshagawana. Kila mtu kapata ya miche yake na ya dawa, iliyozidi ni ya usumbufu."

Seifu akageuka kuelekea barabarani. Kwa mara ya kwanza aliondoka Kurui bila kuahidi kurudi.

Julai ikaisha, kiwanja kikaenda kwa mtu mwingine. Makopo nayo hayakuacha kuzaa. Jumamosi moja Seifu alitandika gunia sokoni Mlandizi, akapanga mafungu ya pilipili nyekundu, fungu mia mbili. Mama mmoja akasimama.

"Kali?"

"Kali, mama."

Akaonja, machozi yakamtoka, akanunua mafungu mawili, akashukuru, akaenda zake. Seifu aliigeuza ile mia nne pande zote mbili. Ilikuwa hela ya kwanza maishani mwake ambayo hakuna mtu angemfuata kuidai, na haikutosha nauli ya kurudi Maili Moja.