Wodi ya Matumbawe

Ignasi aliminya bomba la sindano, maji yakalipiga tumbawe lililokuwa ndani ya ndoo, na hakuna kilichotokea. Akavuta maji mengine, akaminya tena, safari hii kwa uso wa mtu aliyesomea kuminya.

Alikuwa amechuchumaa katikati ya duka la jumla la mapazia, Kariakoo, amevaa koti jeupe alilolinunua kwenye soko la mitumba la Mchikichini asubuhi ileile. Kwenye mfuko wa koti palikuwa pamedariziwa neno BUCHA, lakini alikuwa amelifunika kwa kalamu tatu. Ndani ya ndoo mlikuwa na maji ya chumvi na vifuniko viwili vya dawa ya minyoo ya mbuzi.

Dili lilianza siku mbili nyuma. Ignasi alikuwa akipita na viatu vyake vya mtumba mkononi alipomsikia mwenye duka, Mama Heriel, akimlalamikia mteja. Matumbawe yake kumi, pambo la tangi kubwa la kioo pale mlangoni, yalikuwa yanapauka na kubaki mifupa kuanzia chini. Mafundi wawili wenye vyeti walikuwa wamelaumu chumvi. Ignasi hakuwahi kuona tumbawe hai maishani mwake. Kwao Masasi hakuna bahari. Lakini kwao Masasi kiumbe yeyote anayepauka na asiyenenepa ana minyoo, awe mtoto, ndama au mbwa, naye hakuona sababu ya kulibagua tumbawe.

"Hiyo minyoo, mama," alisema. "Na minyoo ndiyo kazi yangu."

Tusimhukumu haraka. Mtu aliyeuza viatu visivyo jozi kwa miaka minne ana haki ya kujaribu udaktari.

Nia, hata hivyo, haikuwa kutibu. Dawa ya mbuzi ingeshindwa, daktari angetikisa kichwa na kusema wagonjwa walazwe, kisha wagonjwa wangetoka dukani ndani ya sanduku, kistaarabu kabisa, hadi Mnazi Mmoja. Hapo saa kumi alasiri angekuwepo Hafidhi, muuza samaki wa mapambo, ambaye alishatumiwa picha na kukubali bei. Bei yenyewe ingemtoa Ignasi kwenye viatu moja kwa moja.

"Daktari, umesomea wapi?" aliuliza Swaumu, muuzaji wa pale dukani, akiwa ameegemea robota la mapazia.

"Baharini, dada."

"Huko kuna ada?"

"Kuna mawimbi."

Aliminya mara ya tatu. Kitu chembamba kama ganda la kitunguu, chenye rangi ileile ya tumbawe, kilibanduka na kujikunjakunja majini. Kikafuata cha pili. Baada ya dakika chache vilikuwa zaidi ya ishirini vimelala chini ya ndoo, na vingine bado vinatembea. Swaumu aliacha kuegemea robota. Wateja waliokuwa wanagombania pazia moja waliliachia wote kwa pamoja, wakaja kuchungulia.

"Kweli minyoo," mmoja alisema. "Tena bapa, kama imepigwa pasi."

Aliyeshtuka kuliko wote alikuwa daktari.

Sasa alikuwa na tatizo ambalo hakuna tapeli anayejiandaa nalo: amefaulu. Mgonjwa aliyepona mbele ya watu halazwi. Ignasi aliifikiria saa kumi, akamfikiria Hafidhi, akatikisa kichwa kama alivyopanga kukitikisa.

"Hawa wakubwa siyo shida, mama. Shida ni kwamba wametaga."

Alilisema hilo kwa sababu kuku hutaga. Mama Heriel, mama mnene aliyekuwa akitazama kutoka kaunta, alivaa miwani yake, akalitoa tumbawe ndooni na kulipindua. Kwenye shina lililobaki mfupa mweupe kulikuwa na madoa ya rangi ya kahawa, madogo kama mbegu za mchicha, yamebanana.

"Haya hapa," alisema.

Ignasi aliinama, akaangalia kwa muda mrefu.

"Ndiyo," alisema taratibu. "Hayohayo."

"Na dawa yako inayaua?"

"Haiyaui," Ignasi alidanganya, na kwa bahati mbaya akawa amesema kweli tena. Ganda la yai la mnyoo bapa halipitishi dawa. Wafugaji wa matumbawe hulijua hilo baada ya kushangilia mapema.

"Kwa hiyo yakianguliwa?"

"Wanaanza kula upya. Ndiyo maana nasema wagonjwa walazwe wote, mbali na tangi hili. Wiki sita. Tangi libaki bila tumbawe hata moja, mnyoo uliojificha humo ufe njaa. Wodi ninayo, Ilala."

Alichagua wiki sita kwa kuwa zilimtosha kubadili laini ya simu na kuhamia Morogoro. Kwamba mnyoo ule hufa njaa ukikosa tumbawe kwa muda kama huo, hilo hakulijua, na asingeliamini kama angeambiwa.

Simu ya Mama Heriel ililia. Alisikiliza, akaitikia "ee" mara nne, akakata.

"Swaumu, mpe daktari kiti." Kisha, kwa sauti ya chini: "Hafidhi anakusalimia."

"Hafidhi yupi, mama?"

"Aliyeniuzia matumbawe haya. Anauliza mbona nayauza kupitia dalali. Ile picha uliyomtumia, nyuma ya tangi kuna pazia langu la zambarau. Limebandikwa bei na namba yangu ya simu."

Ignasi alikaa kwenye kiti. Siku ile ya picha alikuwa amehangaika sana mwanga usiakisi kwenye kioo. Ya nyuma hakuyatazama. Sasa alitazama mlango. Nje, barabara ilikuwa imejaa wapagazi, wachuuzi na watu wasio na haraka. Alipiga hesabu: mtu akiitiwa mwizi hapa, havuki duka la tatu.

"Mimi nina sauti, daktari," Mama Heriel alisema kwa upole. "Kwenye kwaya wananisimamisha nyuma nisiwafunike wenzangu. Wiki hii sijaitumia."

"Hakuna haja, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa nisikilize. Wenye vyeti waliniambia chumvi. Wewe, mwongo, umesema minyoo, ikawa minyoo. Umesema mayai, nikayaona kwa macho yangu. Sijui unafanyaje, lakini mtu wa hivi siwezi kumwachia Hafidhi. Wodi ipo juu, stoo. Nina tangi dogo, halijawahi kuwekwa kitu. Mayai utayakwangua moja moja, kila wiki utawaogesha wagonjwa dawa tena, mpaka wiki sita zako ziishe. Na kuanzia leo tumbawe jipya likinunuliwa, linalala kwako kwanza, ndipo lishuke huku."

"Na mshahara?"

"Chai ipo. Mengine tutaongea wakipona." Alivua miwani. "Hafidhi kanielekeza na meza yako ya viatu, Mchikichini. Mkabala na mama wa supu, eti?"

"Mkabala kabisa," Ignasi alikiri.

Na hivyo ndivyo mtu aliyekuja kumwingiza mwenzake mjini alivyopanda ngazi na mswaki, wembe na ndoo mbili. Kazi ilikuwa ya kuudhi. Mayai yalijificha kwenye nyufa, wembe ukiteleza unachuna nyama hai, na ukiacha doa moja umeacha ukoo mzima. Tumbawe la kwanza lilimchukua saa nzima. Kwenye la tatu alijikuta ameacha kuwaza kutorokea dirisha la stoo. Alikuwa analigeuza shina kwenye mwanga, akilitafuta doa ambalo mtu mwingine angeliruka.

Hafidhi alimpigia simu mara mbili. Hakupokea. Mikono ilikuwa na dawa.

Jioni Swaumu alipanda kumwambia wanafunga. Matumbawe matatu yalikuwa safi, la nne nusu, sita hayajaguswa. Mama Heriel alikuja nyuma yake akihema, akachungulia tangi dogo.

"Kesho tubadilishe nusu ya maji," Ignasi alisema akifuta mikono. "Wagonjwa wamechoka na safari."

"Hiyo kweli, au umeitunga?"

Ignasi alifikiri kwa uaminifu, labda kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Nimeitunga, mama."

Mama Heriel alimgeukia Swaumu.

"Kesho saa mbili maji ya chumvi yawe tayari," alisema. "Nusu tangi."